Changarawe na Breki: Historia ya Barabara za Lateriti za Kamina

Katika barabara za udongo zinazoingia na kutoka Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, madereva wanaifahamu vyema sauti kali ya chuma kinachokwaruzwa, ambayo huanza ghafla gurudumu likiwa linazunguka, hupanda kadiri mwendo unavyopanda, na pengine hukoma yenyewe gari likirudishwa nyuma mita chache. Mara nyingi chanzo chake ni jiwe moja dogo lililorushwa na tairi, likanasa kati ya sahani ya breki, yaani diski ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na bati jembamba la kinga lililofungwa nyuma yake ili kuzuia maji na matope. Jambo hili huhesabiwa kuwa la gereji tu, na kwa fundi ni kazi ya muda mfupi. Lakini kwa mwanahistoria lina uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa jiwe haliwezi kuingia kwenye breki kabla halijang'oka barabarani, na kung'oka kwake hutegemea ni nani aliyeitunza barabara hiyo, kwa jasho la nani na kwa malipo gani. Changarawe inayonasa kwenye breki za Kamina leo ni zao la kazi ya mikono ambayo kwanza ililazimishwa, kisha ikadharauliwa, na hatimaye ikaachwa.

Sehemu kubwa ya barabara za eneo hilo ni za lateriti, udongo mwekundu wa nchi za joto ambao mvua za maelfu ya miaka zimeuondolea madini yanayoyeyuka kwa urahisi na kuuachia chuma na alumini kwa wingi. Aliyeupa jina hilo katika sayansi ni Francis Buchanan, daktari Mskoti aliyeuona ukikatwa matofali huko Malabar, kusini-magharibi mwa India, na kuyachapisha maelezo yake mwaka 1807. Ndani ya udongo huo mna vijiwe vya mviringo, vigumu na vizito kwa ajili ya oksidi za chuma zilizomo, ambavyo vingi havizidi ukubwa wa punje ya mahindi. Barabara nzuri ya lateriti ni mchanganyiko wa vitu vitatu vinavyohitajiana: vijiwe hivyo vinavyobeba uzito wa gari, mchanga unaojaza nafasi zilizo kati yake, na udongo wa mfinyanzi unaovishika vyote pamoja iwapo una unyevu wa kiasi. Kiangazi kinapoingia, ambacho Kamina huanza takriban mwezi wa Mei na kuendelea hadi Septemba, unyevu hupotea, magurudumu huusaga udongo laini hadi ukawa vumbi, upepo hulibeba vumbi hilo hadi kwenye majani ya kandokando, na vijiwe hubaki juu bila cha kuvishika. Vumbi jekundu linaloinuka nyuma ya lori ni sehemu ya barabara yenyewe inayoondoka, na haitarudi mpaka mtu airudishe kwa koleo. Masika nayo huja na hasara ya namna nyingine, kwa sababu maji yasiyo na mtaro wa kuyapokea hupita katikati ya barabara, huchimba mifereji na kukokota kile ambacho upepo ulikiacha.

Kabla ya magurudumu, nchi hii ilipitwa kwa miguu, na vijia vyake vilikuwa vingi na vya zamani, kwa maana dola ya Waluba, iliyokuwa na kitovu chake katika nyanda za Lomami na mabonde ya Upemba, iliendesha biashara ya chumvi, chuma, shaba na samaki kwa karne nyingi. Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyevuka Afrika kutoka mashariki hadi magharibi kati ya 1873 na 1875, alikaa miezi kadhaa Kilemba, kwenye makao ya mfalme Kasongo Kalombo, na huko alimkuta Juma Merikani, mfanyabiashara kutoka pwani aliyekuwa ameweka kambi yake kabla ya Mzungu huyo kufika. Mizigo ilibebwa vichwani na mabegani, kwani mbung'o, nzi wanaoeneza ugonjwa wa nagana kwa mifugo, waliwaua ng'ombe na farasi katika sehemu kubwa ya misitu ya miyombo, na mahali ambapo mnyama wa kukokota hawezi kuishi, gari la kukokotwa halina maana. Kijia cha mguu hakihitaji changarawe. Hujitunza kwa kukanyagwa, na kikiharibika wapitaji hukihamisha hatua chache pembeni.

Mojawapo ya safari za kwanza za magurudumu mazito katika nchi hii ilifanyika mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na inastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu inaonyesha barabara ilivyogharimu kabla haijawa barabara. Uingereza iliamua kupeleka mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa takriban mita 12, hadi Ziwa Tanganyika ili kupambana na meli za Wajerumani, na amri ya safari hiyo akapewa Geoffrey Spicer-Simson. Mashua zilipandishwa reli kutoka Cape Town hadi Fungurume. Kutoka hapo zikakokotwa na mashine za mvuke zenye magurudumu ya chuma kupitia porini na kuvuka milima ya Mitumba hadi Sankisia, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Bukama ya Haut-Lomami. Kisha zikapakiwa kwenye reli fupi hadi Bukama na kushushwa katika mto Lualaba. Wafanyakazi Waafrika walikata miti, walijenga madaraja ya magogo, walijaza mashimo na kubeba maji ya kulisha majiko ya mashine, na mahali ambapo mashine zilishindwa na mlima palitumika ng'ombe na kamba. Katika miteremko tatizo lilikuwa la breki katika maana yake ya asili kabisa, yaani kuuzuia uzito mkubwa usiporomoke, na lilitatuliwa kwa mikono ya watu. Vitabu vingi vilivyoandikwa juu ya safari hiyo vinamkumbuka kamanda na mashua zake kuliko waliosawazisha njia, na huo ni upungufu mkubwa, kwa kuwa bila njia hiyo mashua zingebaki Fungurume.

Mji wa Kamina wenyewe ni mtoto wa reli. Kampuni ya BCK, ambayo jina lake refu ni Compagnie du chemin de fer du Bas-Congo au Katanga, iliundwa mwaka 1906. Reli iliyotoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 njia ya zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Bukama hadi bandari ya mto Kasai, ambayo wakati huo iliitwa Port-Francqui na sasa ni Ilebo, ilifunguliwa ikipita Kamina. Mwaka 1956 ilikamilika njia nyingine ya karibu kilomita 450 kutoka Kamina hadi Kabalo, na tangu hapo mji ukawa njia panda ya reli ya kusini, ya magharibi na ya mashariki. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba reli nayo hulala juu ya mawe, lakini mawe ya namna tofauti kabisa: kokoto za reli huvunjwa kwa makusudi ili ziwe na kingo kali, na kingo hizo hushikana zikabaki mahali pake treni inapopita, ilhali kijiwe cha lateriti ni cha mviringo, na kikikosa udongo wa kukishika hubiringika. Kambi kubwa ya kijeshi ambayo Wabelgiji walianza kuijenga nje ya mji mwishoni mwa miaka ya 1940, na ambamo marubani wao walifundishwa katika miaka ya 1950, ilikuwa na njia za ndege zilizosakafiwa, kwa kuwa jiwe linalorushwa na gurudumu la ndege laweza kuharibu rafadha. Kwa hiyo utawala wa kikoloni ulijua vizuri namna ya kuuzuia mwendo wa mawe, na uliuzuia pale ulipoona faida yake.

Barabara za magari zilikuja baada ya reli na zilipangwa kuitumikia. Ziliunganisha vijiji na vituo vya treni ili pamba, mahindi, mihogo na mawese vifike kwenye mabehewa, na ilimpasa kila mtawala wa wilaya kuhakikisha kuwa zinapitika. Baada ya amri ya mwaka 1917 iliyowalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, pamba ikiwa ya mbele katika nyanda za Lomami, barabara ikawa sehemu ya utaratibu uleule wa kulazimishwa: vijiji vingi vilihamishwa kutoka mabondeni vikapangwa kandokando yake, ili iwe rahisi kuhesabu watu, kukusanya kodi na kupata mikono ya kuitengeneza. Utaratibu wa matengenezo uliitwa kantonaji, kutoka Kifaransa, na maana yake ni kuigawa barabara katika vipande vifupi na kumkabidhi kila mfanyakazi, aliyeitwa kantonye, kipande chake.

Kazi ya kantonye haikuwa na fahari yoyote, lakini ndiyo iliyokuwa moyo wa barabara. Alikuwa na jembe, panga, koleo na pengine toroli. Alifyeka majani ya pembeni ili jua likaushe njia baada ya mvua, alizibua mitaro, alirudisha katikati changarawe iliyosukumwa pembeni na magurudumu, alijaza mashimo kwa udongo mbichi kutoka shimo la karibu, akaushindilia, na zaidi ya yote alilinda mgongo wa barabara, yaani ule mwinuko mdogo wa katikati unaofanya maji yateremke pande zote mbili badala ya kutuama. Alipoifanya kazi hiyo kila siku, kijiwe kilichong'oka asubuhi kiliweza kurudishwa kwenye udongo wake kabla ya jioni. Mara kwa mara greda, mtambo wenye kisu kirefu cha chuma cha kusawazisha, lilipita, lakini greda hupita na kwenda zake, ilhali kantonye alibaki. Wazee wengi wa Kongo huzikumbuka barabara za wakati wa Wabelgiji kuwa zilikuwa laini, na kumbukumbu hiyo haina sababu ya kukanushwa. Inachohitaji ni kukamilishwa, kwa kuwa ulaini huo ulilipiwa na watu ambao hawakuwa na hiari ya kuikataa kazi, na ambao wengi wao hawakuwahi kupanda magari yaliyopita juu yake.

Magari yaliyopita juu ya barabara hizo yalikuwa na breki za aina nyingine na zile zinazotumika zaidi leo. Breki ya ngoma, ambayo Louis Renault wa Ufaransa aliitumia katika gari mwaka 1902, ina viatu viwili vya chuma vilivyovikwa kitambaa kigumu, na viatu hivyo hutanuka ndani ya ngoma ya chuma na kuibana kutoka ndani. Kitambaa chenyewe kina historia yake: Mwingereza Herbert Frood alianza kukitengeneza mwaka 1897 na baadaye, mwaka 1908, akaanza kutumia asbestosi, madini ya nyuzinyuzi yasiyoungua kwa urahisi, ambayo baadaye yalithibitika kuwa chanzo cha saratani na maradhi ya mapafu. Katika mwaka uleule wa 1902 Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya sahani huko Uingereza, lakini barabara za wakati huo zilikuwa na vumbi na mawe mengi mno, na metali zilizopatikana hazikufaa, hivyo wazo lake likasubiri nusu karne. Mwaka 1953 gari la Jaguar lenye breki za sahani lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, na mwaka 1955 Citroën ikaanza kuuza DS, gari lililotengenezwa kwa wingi lenye sahani za kuzuia magurudumu ya mbele. Breki hizo zilizaliwa na kukomaa katika nchi zenye lami, na ni vigumu kuuona mpangilio huo kuwa wa bahati tu, kwani sahani iliyo wazi hewani hupoa haraka na kusimamisha gari vizuri, lakini uwazi huohuo huiacha bila hifadhi mbele ya chochote kinachorushwa na tairi.

Magari ya porini yalichelewa kuzipokea. Land Rover, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948 na kutapakaa katika Afrika yote, ilitumia ngoma katika magurudumu yote manne hadi miaka ya 1980. Jiwe huingia kwa nadra katika ngoma, kwa sababu imefungwa pande zote isipokuwa upenyo mwembamba. Kinachoingia ni vumbi na matope, navyo hufanya kazi yao polepole, vikila kitambaa cha viatu na kuchora mistari katika uso wa ngoma, mpaka siku moja dereva akanyage kanyagio na kukuta gari halisimami pale alipotarajia. Sahani huutangaza uharibifu papo hapo kwa sauti inayomlazimu dereva asimame, ngoma iliuficha. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba barabara za zamani hazikuumiza breki kwa sababu tu hakuna aliyesikia kelele.

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 ulifuatwa mara moja na vita katika eneo hili. Mwanasiasa Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, jimbo ambalo Kamina ilikuwa ndani yake, tarehe 11 Julai mwaka huohuo, Waluba wa kaskazini mwa jimbo, walioongozwa na chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, wakakataa kuwa chini yake, na hadi kujitenga huko kulipomalizwa Januari 1963 sehemu za kaskazini mwa Katanga zilikuwa uwanja wa mapigano. Kambi ya Kamina nayo ikawa kituo kikubwa cha majeshi ya Umoja wa Mataifa. Kantonye hawezi kufyeka pembeni mwa barabara ambayo wenye silaha wanaipigania. Mwaka 1971 serikali iliunda Office des Routes, shirika la umma la barabara, na katika miaka hiyohiyo Rais Mobutu akaanzisha salongo, kazi ya pamoja ya lazima ambayo wananchi wengi waliiona kuwa ni kurudi kwa amri za mkoloni chini ya bendera nyingine. Lawama hiyo ilikuwa ya haki. Aliyeitengeneza barabara bila malipo wakati wa mkoloni alitakiwa kuitengeneza tena bila malipo wakati nchi ilipoitwa Zaire, na uchumi ulipoporomoka na mishahara ya wafanyakazi wachache wa barabara kukoma, hakuna amri iliyoweza kuwarudisha. Vita vya 1998 hadi 2003 viliongeza maumivu, kwani mstari wa mapigano ulipita kaskazini mwa Katanga na kuikata reli ya Kabalo.

Mtandao wa barabara za nchi nzima huhesabiwa kuwa kilomita 152,400, ambazo kati yake 58,129 ni za kitaifa na kimkoa, 7,400 ni za mijini, na 86,871 ni za vijijini za kuhudumia kilimo. Za lami ni sehemu ndogo sana. Kamina imo katika Barabara ya Taifa Namba 1, inayoanzia Banana kwenye Bahari ya Atlantiki na kuishia kusini kabisa mwa Katanga ya zamani, lakini hadhi hiyo ya kuwa namba moja haijaizuia kubaki ya udongo katika sehemu ndefu. Reli ilipodhoofika, mizigo iliyokuwa ikienda kwa mabehewa ilihamia kwenye malori yanayozidi uzito na kwenye baiskeli zinazosukumwa kwa miguu siku nyingi, na pamoja nayo yakaja magari madogo yaliyotumika Japani, mengi yakipitia Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa, yakiwa na usukani upande wa kulia katika nchi ambayo magari hupita upande wa kulia wa barabara. Haya ni magari yaliyochorwa kwa ajili ya lami. Bati lao la kinga ni jembamba, na nafasi iliyo kati yake na sahani ni ya milimita chache tu, yaani karibu sawa na kipimo cha vijiwe vya lateriti vilivyobaki juu ya barabara baada ya udongo wake kupeperuka.

Gari lenye sauti hiyo ya kukwaruza likifikishwa gereji, fundi hulegeza nati kabla ya kupiga jeki, akalivua gurudumu, na kuizungusha sahani kwa mkono huku akisikiliza ni mahali gani inakwaruza. Kwanza hutazama pedi, vile vibao viwili vinavyoibana sahani na ambavyo mafundi wa Katanga huviita plaketi, kwa kuwa pedi zilizokwisha hutoa sauti inayofanana na ya jiwe, na dereva anayezoea kusema kuwa ni changarawe tu aweza kuendesha mpaka chuma kikale chuma. Pedi zikiwa nzima, hupitisha bisibisi bapa pembeni mwa bati la kinga, akalisukuma nje kidogo, na kijiwe cheusi chenye wekundu wa kutu huanguka chini, kikiwa kimeng'aa upande mmoja kwa kusagwa. Katika sahani huonekana mzingo mwembamba wa mkwaruzo; ukiwa wa juujuu hauna madhara, ukiwa wa kina unaohisiwa kwa ukucha sahani huhitaji kuchongwa au kubadilishwa. Kisha bati hurudishwa mahali pake bila kugusa sahani. Baadhi ya madereva huliondoa kabisa ili wasisumbuliwe tena, na hilo ni kosa, kwa kuwa sahani isiyo na kinga hupokea matope ya masika moja kwa moja. Kosa lililo baya zaidi ni kupuliza vumbi la breki kwa mdomo au kwa pampu ya hewa, hasa katika magari ya zamani ambayo vitambaa vyake huweza kuwa na asbestosi. Kitambaa chenye maji hufanya kazi hiyo bila kuhatarisha mapafu ya fundi na ya mwanafunzi wake aliyechuchumaa karibu.

Mwaka 2008 sheria iliunda Mfuko wa Taifa wa Matengenezo ya Barabara, unaojulikana kwa kifupi cha FONER, ambao hupata fedha kutokana na tozo ya mafuta na malipo ya kupita katika vizuizi vya barabarani. Katika sehemu mbalimbali za nchi ziliundwa pia kamati za wanakijiji za kutunza barabara, zinazolipwa kwa kazi ya kufyeka, kuzibua mitaro na kujaza mashimo, ambayo kimsingi ni kazi ya kantonye ikiwa safari hii na ujira. Vizuizi vya mvua, yaani miti inayoteremshwa njiani ili malori yasipite wakati lateriti ingali imelowa, ni sehemu ya utaratibu huohuo wa zamani na bado vina manufaa pale vinaposimamiwa kwa haki, kwa sababu lori moja linaloingia katika barabara mbichi huacha mikondo ambayo jua huikausha na kiangazi huigeuza kuwa mawe yaliyolegea. Dereva wa Kamina anayenunua lita ya mafuta amekwisha kulipia udongo wa kuvishika vijiwe hivyo. Anapolazimika kulipa tena kwa fundi ili vitolewe katika breki, amelipa mara mbili, na ana haki ya kuuliza fedha ya kwanza ilitengeneza kilomita zipi.